Mwenye Uwanja na Nyasi za Mgeni

Watu wa Buhembe walimwita Mwenye Uwanja. Mwanzoni lilikuwa jina la utani, maana uwanja wa ndege ulikuwa mali ya Serikali ya Mwingereza na yeye alikuwa mfyekaji tu, mtu wa kaptura ya kaki na fyekeo begani. Baadaye utani ulichakaa, jina likabaki. Jina lake la ubatizo nalijua lakini sitaliandika. Alifukuzwa kazi kwa jambo nililolifanya mimi, nami nikanyamaza miaka saba, kwa hiyo sioni kama nina haki ya kulitaja kana kwamba tulikuwa marafiki.

Nianze na miguu yake, kwa sababu ndiyo ninayoikumbuka kuliko uso. Ilikuwa mipana, vidole vimeachana, visigino vimepasuka. Kila asubuhi, kabla mke wake hajawasha moto, aliutembea uwanja wote pekupeku, kutoka upande wa barabarani hadi upande wa ziwani, akarudi kwa mstari mwingine, kisha mwingine, mpaka umande ukauke. Alikuwa akitafuta mashimo ya fuko, vichuguu vinavyoanza kuota, mawe yaliyoibuliwa na mvua. Ofisi ilimpa buti. Alizitundika kwenye msumari wa mlingoti wa uwanja, akazivaa siku za ndege tu, tena baada ya kuisikia inanguruma, na akazivua kabla abiria hawajaisha kushuka.

"Jicho hudanganya," alikuwa akisema. "Unyayo haudanganyi."

Alikuja Mzungu mmoja wa kupima ardhi, na chombo chake cha miguu mitatu, akatangaza kwamba uwanja umenyooka vizuri kabisa. Mwenye Uwanja akachomeka kijiti mahali fulani katikati ya majani, akamwambia mkalimani, "Mwambie bwana, hapa pana tumbo tupu." Mzungu akacheka, mkalimani naye akacheka kwa sababu bwana kacheka. Masika yale ardhi ikadidimia palepale penye kijiti, shimo la kutosha mbuzi. Yeye hakumcheka mtu. Alilijaza na kulishindilia siku mbili, na tangu hapo hakukubali tena ushauri wa binadamu yeyote, hata ulipokuwa ushauri mzuri.

Mimi niliolewa Buhembe nikitokea Kamachumu, na kibanja cha mume wangu kilipakana na majani ya uwanja. Ndiyo maana nilimjua. Asubuhi nilipokuwa nikipogoa migomba nilimsikia akigombana na ng'ombe. Aligombana nao kwa heshima, kwa lile waitu la kumwambia mkubwa, kama mtu anayegombana na wakwe. "Waitu, tokeni. Nimewaambia jana. Mnataka niseme mara ngapi?" Lakini mwenye ng'ombe akitokea, heshima iliisha. Mzee mmoja wa kanisa letu alimwambia kwamba malisho ni ya Mungu. Akajibiwa, "Basi Mungu aje amchukue huyu ndama, nimemfunga kule kwenye mlingoti." Ndama alikaa pale mpaka jioni, na mzee yule hakumsalimu tena hadi Pasaka.

Alikuwa Mkatoliki katikati yetu sisi Walutheri, na hilo alilifurahia. Jumapili tulipopita kwenda ibadani alisimama kando ya njia akitutania: "Mwimbe polepole leo. Jumapili iliyopita mliimba mpaka Mungu akaomba kupumzika." Mama mkwe wangu alimjibu kwamba wao Mungu wao haelewi hata wanachomwambia, maana wanamwambia kwa Kilatini. Akacheka mpaka akashika magoti. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo kwa jambo jingine.

Kwenye mlingoti kulikuwa na ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoonyesha upepo. Upepo wa ziwa haukuwa na huruma nao. Ulipochanika aliandikiwa kwamba mwingine utaletwa kutoka Dar es Salaam, akangoja, akachoka kungoja, akaushona mwenyewe kwa kipande cha gauni la mkewe, bluu yenye maua. Kilipochanika hicho akaongeza kingine. Mwishowe marubani walitua Bukoba wakifuata gauni la mwanamke wa Kimwani, maana kwao mkewe na yeye mwenyewe kulikuwa huko Kimwani. Mkewe alisema amebakiwa na gauni moja, na akiona mumewe analitazama sana anajua kuna tufani inakuja.

Jambo lililotushangaza sote ni kwamba hakuitazama ndege ikitua. Hata mara moja. Aliwahi kuisikia kabla ya mtu yeyote, alitoa ng'ombe, alivaa buti, alisimama chini ya mlingoti, kisha akaipa mgongo, mikono nyuma, akitazama upande wa vilima. Watu walikuja kutoka mbali kuiona, wakapanda miti, na yeye aliyekuwa karibu kuliko wote alitazama migomba. Nilimuuliza sababu.

"Mgeni akiingia mlangoni unamkodolea macho?" akasema. Baadaye, siku nyingine, bila kuulizwa, akasema, "Naogopa, mwana wange. Kitu kizito vile kukaa hewani si adabu."

Basi, nyasi.

Kwetu nyumba isiyo na nyasi sakafuni ni nyumba ya mtu aliyehama. Mgeni akitarajiwa, wanawake huenda kwenye rweya, yale mapori ya majani yaliyo juu ya vijiji, hukata eyojwa, jani laini lenye harufu nzuri, hubeba mafungu kichwani na kutandika upya kuanzia mlangoni hadi anapokaa mgeni. Mgeni wa kawaida hutandikiwa ndani tu. Mgeni mkubwa hutandikiwa na ua pia, akanyage nyasi tangu anapoingia. Mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi tulipona hivyo.

Sasa, majani mazuri kuliko yote Buhembe yaliota kwenye uwanja wa ndege, kwa sababu ng'ombe walikatazwa kuyagusa. Mwenye Uwanja aliyafyeka kila wiki na kuyagawa kwa wanawake kwa utaratibu wake mwenyewe: wajane kwanza, kisha wenye wagonjwa, kisha wanaotarajia wageni, na mwisho sisi wengine. Alikuwa na sharti moja tu. Kilichokatwa kiondoke siku ileile. Akikuta fungu limesahauliwa hata kando kabisa, alilirusha nje ya uwanja na mwenye fungu alinyimwa mwezi mzima. "Hapa hapalali kitu," alisema. Majira ya senene tu ndipo alipolegea. Alfajiri aliwaruhusu wanawake kuingia na vikapu vyao kukamata senene kwenye majani, akasema hao ni wageni wa Mungu, wametua bila kuuliza na watakwenda bila kuaga. Lakini hata hapo alisimama kando akihesabu walioingia na waliotoka.

Kila mtu alijua kwamba hakuna kilichokaa uwanjani bila ruhusa yake, na hilo ndilo nililolitumia vibaya.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mwalimu Kamachumu. Alikwenda Uingereza miaka miwili kusomea ualimu wa juu, wa kwanza katika ukoo wetu kuvuka bahari. Barua ilifika kwamba atarudi kwa ndege kutoka Entebbe, siku ya Alhamisi. Mama alikaa na barua ile magotini siku nzima ingawa hakujua kusoma. Alikuwa hawezi safari kwa sababu ya miguu, akanituma mimi: "Wewe ndiye uliye karibu. Mpokee kama ningempokea mimi."

Nilimwendea Mwenye Uwanja siku ya Jumatano. Nilimwomba atuache tutandike nyasi pale kwenye kibanda, abiria wanaposhukia.  Alitazama gauni la mkewe juu ya mlingoti.

"Ni kaka yako wa tumbo moja?"

"Wa tumbo moja."

"Pale kibandani tu. Hatua ishirini. Akishakanyaga, mnazoa."

"Tunazoa, waitu."

Alhamisi asubuhi tulikuja wanawake wengi kuliko nilivyotegemea, kila mmoja na fungu lake kichwani, maana kaka yangu alikuwa fahari ya watu wote. Mwenye Uwanja alikuwa mbali, upande wa barabarani, akihangaika na kundi la ng'ombe lililokuwa likitaka kuvuka. Tulitandika hatua zetu ishirini. Zikapendeza. Mafungu yakabaki, tena mengi, na hakuna mwanamke aliyetaka kurudi nyumbani na fungu lake kana kwamba limekataliwa. Nikatazama uwanja. Nikasema, "Mgeni wetu hataanza kukanyaga kwetu hapa kibandani. Ataanza kule. Tutandikeni kule."

Jirani yangu wa kibanja cha chini, mwanamke mpole, akauliza, "Na Mwenye Uwanja?"

"Mwenye Uwanja ameruhusu," nikasema.

Ndiyo maneno yenyewe. Nimeyasema moyoni mara nyingi mpaka hayana ladha. Tulitandika nusu ya chini ya uwanja, tukielekea ziwani, njia pana ya kijani mbichi, na tulipokuwa tukimalizia manyunyu yakaanza. Hayakuwa mvua ya kumfukuza mtu, ila tulikimbilia chini ya paa la kibanda tusiloweshe nguo zetu nzuri. Tukaanza kuimba tukiwa palepale. Sikumwona Mwenye Uwanja akishuka kutoka barabarani. Nilipomwona tena alikuwa tayari chini ya mlingoti, amevaa buti, ametupa mgongo. Nilifikiri kwamba amepita pembeni na hakuona. Nilifurahi kwamba hakuona.

Upepo ulikuwa wa ziwani, kwa hiyo ndege ilitua ikitokea vilimani na kuelekea majini. Ilitua vizuri. Nakumbuka tulipiga vigelegele. Ilikimbia nusu ya juu ya uwanja ikipunguza mwendo kama siku zote, ikafika kwenye nyasi zetu, na pale haikupunguza tena. Magurudumu yalisimama lakini ndege haikusimama. Iliteleza ikipinda kidogo upande, polepole, ilivyoonekana kwangu, ikapita mwisho wa uwanja, ikavunja uzio, ikaingia kwenye matete na kutumbukiza pua majini. Haikulipuka. Haikutoa kishindo kikubwa. Wanawake wa nyuma walikuwa bado wanaimba.

Wengine walitoka wakitembea, wamelowa mpaka kiunoni. Rubani alivunjika mkono. Kaka yangu alikuwa amekaa mbele. Wanaume walimtoa wa mwisho, wakambeba juu ya mlango wa kibanda waliouong'oa, wakapanda naye kutoka ziwani hadi kibandani, juu ya njia tuliyomtandikia, nyasi zikiwa bado mbichi. Alikuwa amevaa viatu vipya vya kahawia. Miguu yake haikuzigusa.

Sikulia. Watu walisema ni mshtuko, nipewe siku chache. Nilizikusanya nyasi. Nilikuwa nimeahidi tutazoa, nikazizoa, fungu kwa fungu, mpaka mume wangu akaja kunishika mikono.

Kesho yake walikuja Bwana Shauri wa wilaya na Mzungu mwingine wa mambo ya ndege. Walitusimamisha wote mbele ya kibanda. Mkalimani akauliza, "Nani alitandika nyasi uwanjani?"

Wanawake walinitazama. Jirani yangu alinitazama zaidi. Mimi nilitazama chini, nikayaona majani mawili matatu niliyoyasahau.

"Uwanja huu ni wangu," Mwenye Uwanja akasema. "Kilichomo ni changu."

"Swali ni nani aliruhusu."

"Niliruhusu mimi."

Mkalimani akatafsiri, Mzungu akaandika. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandikisha mbuzi mnadani. Siku ileile walimfukuza. Nyumba ilikuwa ya Serikali, ikabidi waondoke kesho yake, kabla hatujampeleka kaka Kamachumu. Nilikuwa nimesimama kwenye migomba yangu walipopita kwenda kutafuta lori la Muleba, yeye na mkewe na godoro lao, buti zimefungwa kamba na kutundikwa shingoni. Hakugeuka kuangalia uwanja. Mkewe ndiye aliyegeuka, akautazama mlingoti, gauni lake lilikuwa bado juu.

Kaka tulimzika Kamachumu. Ndani ya nyumba ya mama zilitandikwa nyasi za msiba, tukaketi na kulala juu yake siku zote za matanga, nami nilikuwa na harufu ile puani mchana na usiku. Siku ya nne nilisikia kelele uani. Mwenye Uwanja alikuwa amekuja kutoka Kimwani kuhani. Baba zangu wadogo walimzuia mlangoni mwa kibanja. Nilimsikia mmoja akisema, "Rudi na nyasi zako!" Nilisikia nyayo zake zikiondoka, polepole, kama anayekagua njia.

"Nani huyo?" mama akaniuliza.

"Ni mpita njia, mama."

Hapo ningeweza kusema. Nimekubali siku zote kwamba hapo ningeweza.

Katika miaka iliyofuata kanisa letu lilijaa uamsho. Watu walisimama mbele ya wote wakaungama: huyu alirudisha jembe la jirani, yule alikiri kuhamisha mpaka wa kibanja, mwanamke mmoja alimrudishia dada yake chungu alichokificha tangu utoto. Baada ya kila mmoja waliimba kwa furaha. Mimi nilisimama mara moja. Niliungama kwamba nilimchukia mama mkwe. Mama mkwe mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa mbele, akainua kichwa na kusema kwa sauti, "Hilo tulikwisha kulijua." Wakaimba hata hivyo. Niliketi na ile dhambi yangu nyingine palepale ilipokuwa. Haikuwa ikiniuma kama watu wanavyosimulia. Ilikuwa imekaa tu, kama kidole kilichokufa ganzi ambacho bado unakitumia kushika jembe.

Mama alikuwa na jambo lake. Kila siku aliomba apewe nguvu ya kumsamehe yule mtu wa nyasi. Hakuweza. Alikuwa mkweli kwa Mungu wake, alimwambia waziwazi, "Leo pia nimeshindwa." Nilimsikia akisema hivyo kila nilipokwenda kumwona, miaka saba. Mwaka wa saba akaugua ugonjwa wa kutorudi. Siku tatu kabla ya kufa aliniita nikamwinamia.

"Nimeweza," akasema. "Asubuhi hii nimeweza. Nenda Kimwani ukamwambie yule mtu nimemsamehe. Nenda wewe mwenyewe, usitume mtu."

"Mama," nikasema.

"Nimechoka, mwanangu. Nenda ukamwambie."

Nilitaka kumwambia kwamba amefanya kazi ya miaka saba kwa mtu asiyehusika. Nilimtazama alivyokuwa na furaha. Nikanyamaza tena, na hiyo ndiyo mara ya nne, kama kuna anayehesabu.

Baada ya matanga nilipanda lori hadi Muleba, nikalala kwa ndugu wa mume wangu, asubuhi nikaendelea Kimwani, kipande kwa lori la pamba na kipande kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nyumba yake niliipata kwa kuuliza. Nilimkuta uani akichambua maharage, na kitu cha kwanza nilichokiona ni buti. Zilikuwa zilezile, zimeshonwa na kushonwa tena, na alikuwa amezivaa pale nyumbani kwake, asubuhi, hakuna ndege wala Mzungu.

Alinisalimu kwa Kihaya, akaniita mwana wange kama zamani, akanikaribisha ndani. Nikaingia, nikasimama. Sakafu ilikuwa tupu. Udongo mtupu, umefagiwa vizuri, hakuna hata unyasi mmoja. Mkewe aliniletea kiti, macho chini, kwa aibu ya mwenye nyumba asiye na cha kumtandikia mgeni. Kisha akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Tulitafuna.

"Nimeletwa na mama," nikasema. "Amefariki. Ameniagiza nikwambie amekusamehe."

Aliacha kutafuna. "Amesema hivyo? Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

"Alichukua muda mrefu."

"Miaka saba."

Akatikisa kichwa, akakaa akiutazama mlango. Nikaona kwamba nikingoja kidogo zaidi nitaaga na kuondoka, na ujumbe utakuwa umefika, na hakuna atakayejua. Miguu yangu ilikuwa tayari inataka kusimama. Nikasema haraka, "Hukuwa na kosa. Wewe ulisema hatua ishirini. Ni mimi niliyewaambia wanawake umeruhusu. Nilidanganya. Na siku ile mbele ya Bwana Shauri ulibeba kosa langu, nami nikakuacha ulibebe."

Mkewe aliinua uso kunitazama, mara ya kwanza tangu niingie. Mwenye Uwanja alitema kokwa la kahawa kiganjani, akaliweka kando ya kikapu.

"Nani amekwambia nilibeba lako?" akauliza.

Sikuelewa.

"Niliziona," akasema. "Nilipotoka kwa ng'ombe niliziona kutoka mbali. Nikashuka nije niwafukuze, nizitupe zote ziwani, na wewe nikunyime mwaka mzima. Nilikuwa na muda. Ndege nilikuwa bado siisikii." Alinyoosha mguu mmoja, akaiangalia buti yake. "Nikazikanyaga pekupeku. Manyunyu yalikuwa yamezilainisha. Nikatembea juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Unajua miaka yote ile nilipokea wageni wa watu, hata siku moja hapakuwahi kutandikwa? Mabwana wanashuka kwenye majani yaliyofyekwa kama ng'ombe. Siku ile uwanja wangu ulikuwa nyumba. Unyayo ukaniambia, hapa ni pazuri, acha. Nikaacha. Nikaenda kuvaa buti."

"Hukujua zitateleza," nikasema.

"Kazi yangu ilikuwa kujua. Wewe kazi yako ilikuwa kutandika."

Mkewe akasema kwa sauti ndogo, "Tangu hapo hataki nyasi humu ndani. Hata Noeli."

"Nyamaza, mama," akamwambia, lakini bila ukali.

Nilikaa na kahawa mdomoni. Kwa miaka saba nilikuwa nimeshikilia kitu nikiamini ni changu peke yangu, na sasa mtu ananiambia nusu yake si yangu, na sikusikia mzigo ukipungua hata kidogo. Nilimwambia nitasimama kanisani niwaambie watu wa Buhembe, na nitawaambia baba zangu wadogo kule Kamachumu waliomfukuza.

"Nikiwa hai, hapana," akasema. "Watasema wanawake walifanya walivyotaka na uwanja haukuwa na mwenyewe. Nikiisha kufa, sema utakavyo. Na huo msamaha wa mama yako niachie. Nilikwenda kuutafuta kwa miguu nikarudishwa njiani. Sasa umekuja wenyewe, sitaurudisha."

"Na mimi?"

"Wewe hukuwahi kumwomba," akasema. "Mimi siwezi kukupa cha mama yako."

Alikufa mwaka uliotangulia Uhuru, na ndiyo sababu leo naandika. Kanisani nilikwisha kusimama, wiki ileile niliyopata habari za kifo chake. Watu waliimba. Mzee yule wa ndama alikuja kunishika mkono na kusema kwamba alijua siku zote yule mtu hakuwa mjinga.

Lakini siku ile ya Kimwani jua lilikuwa limekwisha kupanda nami nilikuwa na lori la kuwahi. Niliaga. Alisema atanisindikiza mpaka barabarani. Njia ilipita katikati ya migomba yake, na mvua ya usiku ilikuwa imeangusha majani makavu juu ya udongo mwekundu, yamelowa, yamelalana. Alisimama mwanzoni mwa njia, akainama, akalegeza kamba za buti, moja, kisha nyingine, akazivua na kuzishika mkononi. Mkewe alikuwa mlangoni. Nilimsikia akisema, "Mawe!" kwa mshangao, kama mtu anayesema mama wee, basi.

Miguu ilikuwa imekuwa myeupe kwa kufungiwa. Akatangulia, akipapasa njia kwa vidole, akisogeza jani hili kushoto na lile kulia. Mahali fulani akasimama, akageuka, akanipa mkono.

"Taratibu, mwana wange," akasema. "Hapa panateleza."

Hapo ndipo nilipolia. Hakuniuliza kitu wala hakuniachia mkono. Alingoja nimalize, kisha akaendelea mbele polepole, nami nikakanyaga pale alipokanyaga yeye, mpaka barabarani.